Kwako uliyemfuta mbwa wangu

Mdogo wangu,

Nimesikia umeanza riwaya nyingine, na safari hii msimulizi ni farasi. Nimefurahi kweli. Tangu utotoni unajua mwendo wa wanyama kuliko sisi wote, na sentensi zako zina mbio ambazo zangu hazina. Ila kwa kuwa hupokei simu zangu tangu mswada wetu wa riwaya ya mbwa uvunjike, nakuandikia hapahapa hadharani.

Usimwazime farasi macho yako. Yake yako kando ya kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote kwa pamoja, isipokuwa pale mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Akimkaribia mtu uso kwa uso, anaweza kumpoteza hatua ya mwisho. Hatari iko hapo tayari, huna haja ya kumleta jambazi.

Najua utasema nimeanza tena. Nimeanza, kwa sababu ile jioni ya sura ya saba haijanitoka. Mbwa wetu amefika mtoni usiku, mwenzake kajeruhiwa ng'ambo. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima wa pua: upepo unageuka, harufu ya damu inakuja, inakatika, inarudi imechanganyika na tope, hafifu kuliko mwanzo. Ukachukua kalamu, ukaupiga mstari wote, ukaandika juu yake: "Aliona damu nyekundu, akajua zimebaki dakika kumi." Kisha ukafunua ukurasa unaofuata bila hata kunitazama.

Macho ya mbwa hutofautisha buluu na manjano. Wekundu kwake haung'ai kama kwetu. Na dakika ni za kwetu sisi. Ulifuta kila alichokuwa nacho yule mbwa, ukamwachia mkia tu.

Ulisema msomaji anataka mbio, hataki somo la baiolojia. Mwaka 1877 Anna Sewell alitoa riwaya ya Black Beauty, ambamo farasi anajisimulia mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Nakubali, anawaza kama mtu. Lakini anapofungwa hatamu ya kumbana kichwa juu, akashindwa kuinama avute mzigo mlimani, maumivu yale ni ya shingo ya farasi, na wasomaji waliyasikia.

Watu wa nyumbani wanasema mswada ulikufa kwa ubishi wangu. Sikubali, na sitakubali. Mtu pekee aliyekuwa upande wa mbwa mezani pale nilikuwa mimi. Nani aliyekesha akitafuta namna ya kuandika bunduki bila kuitaja? "Yule mtu alishika kitu kirefu kinachonuka mafuta na moshi wa jana." Msomaji anajua, mbwa hajui, na mbwa anazidi kusogea. Wewe mwenyewe uliisoma kwa sauti, ukarudia, ukanishika bega. Sijui ni kwa nini mtu aliyeupenda mstari ule aliweza kunifanyia vile kwenye sura ya saba.

Nitumie sura za kwanza, hata kama hazijakaa sawa. Nataka kuzisoma mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Na utakapofika mahali farasi anapokataa kuingia majini, kabla hujaandika alichokiona, niambie upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi.