Huduma ya akili ya watoto ishuke hadi zahanati

Mhariri,

Naiomba Serikali ya Kaunti ya Mombasa jambo moja: mtoto mwenye shida ya akili ahudumiwe karibu na kwao, katika zahanati ile ile alikochanjwa, na mzazi wake ahudumiwe pamoja naye.

Kwa sasa, ukitaja matibabu ya akili hapa kwetu, fikira za watu zinakwenda moja kwa moja kwenye kitengo cha akili cha hospitali ya Port Reitz, kule Changamwe. Kitengo kile kimebeba mzigo wa Pwani kwa miaka mingi na wauguzi wake wanastahili shukrani. Lakini mama wa Mtopanga ataamka na mtoto asiyelala usiku, ashuke naye mjini, apande matatu nyingine ya Changamwe, akose kibarua cha siku hiyo, kisha aambiwe arudi baada ya wiki mbili? Atakwenda mara moja, basi. Na mtoto anahitaji kuonwa mara nyingi, maana tiba ya wengi wao si vidonge. Ni kuzungumza na mtu anayemwamini, na mzazi kuonyeshwa namna ya kuishi naye.

Nilifundisha shule ya msingi Kisauni hadi kustaafu. Mtoto hakwambii ana huzuni. Hukwambia tumbo linamuuma. Hukojoa kitandani ilhali ana miaka kumi. Husinzia darasani kwa kuwa usiku alikesha akisikiliza mlango. Nilikuwa na mvulana mmoja hodari wa hesabu. Vijana wa mapanga walimkata jirani yao mbele ya macho yake, na tangu hapo akaacha kuandika. Anakaa na kalamu mkononi, daftari liko wazi, kengele inalia na ukurasa ni mweupe. Mamake alimpeleka duka la dawa, akapewa dawa ya minyoo. Akampeleka kwa ustadhi, akasomewa, akanywa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa. Majirani wakasema ana jini. Nilipomtajia mama Port Reitz alinikatiza: "Mwanangu si mwehu, mwalimu."

Mficha maradhi kilio humfichua, ni kweli, lakini mama huyu hakuficha kwa kiburi. Alijua jina hilo likimshika mtoto mtaani halimwachi. Nami sikuwa na mahali pengine pa kumwelekeza. Muhula uliofuata kijana hakurudi shuleni.

Simlaumu ustadhi. Alimpokea mama kwa upole, na ndiye aliyekuwa karibu. Maustadhi, maimamu na wachungaji wakifundishwa dalili hizi, na wakiwa na muuguzi wa kumpigia simu, watoto wengi watafika kwa mtaalamu mapema, na dua ziendelee kama kawaida.

Tusimsahau mama mwenyewe. Yeye pia aliiona damu ile, yeye pia alikuwa hapati usingizi. Tukimtibu mtoto peke yake, kisha tukamrudisha kwenye nyumba ambamo mama hutetemeka kila mlango ukigongwa na baba amezama kwenye kutafuna majani ya mugokaa, tumefanya kazi nusu. Ndiyo maana nasema huduma iwe ya familia.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti zahanati na vituo vya afya, na Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Mwaka 2020 jopokazi la afya ya akili lililoongozwa na daktari wa akili, Dkt. Frank Njenga, lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili nayo ikarekebishwa mwaka 2022, ikazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la akili. Darasa la watoto 50, hao ni saba.

Watu wa kuanzia nao tunao. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini mwaka 2023 wanapita nyumba kwa nyumba, wanajua ni nyumba gani ina kilio. Kijitabu cha mama na mtoto kina kurasa za hatua za ukuaji, lakini foleni ya kliniki ni ndefu: mtoto anapimwa uzito, kijitabu kinajazwa, anaitwa mwingine. Kumuuliza mama analalaje hakumalizi dakika. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa akili, Dkt. Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi wazee wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza, na mpango huo umesaidia watu wengi. Ulianzia kwa watu wazima, najua, na watoto wanataka ujuzi wao. Ila mabibi wenye subira ya namna hiyo Mombasa hatujawakosa.

Juu yao awepo mtaalamu wa saikolojia ya watoto, mwenye siku yake maalumu katika kila kaunti ndogo: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Awe mtu yule yule, si sura mpya kila mwezi. Apewe chumba chenye mlango unaofungika. Na iwe alasiri, ili mtoto asitolewe darasani huku wenzake wakimtazama.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye Bunge la Kaunti kabla ya Aprili 30 kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Wazazi na walimu wenzangu, tufike kwenye vikao hivyo, kila mtu na wadi yake, tuulize: mtaalamu wa watoto atakaa zahanati gani, siku gani, na ametengewa shilingi ngapi?

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa