Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tanga: tunaosoma Kiingereza tunaomba nafasi za fildi

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Mimi ni binti wa Makorora, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya Kiingereza. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili si langu peke yangu.

Likizo iliyopita nilizunguka mjini na barua ya chuo nikiomba fildi, yaani mafunzo ya kazi kwa vitendo. Katika ofisi moja karani aliisoma, akanirudishia: "Kiingereza? Nenda shuleni ukafundishe." Hata majirani wananiita mwalimu tangu nilipopata chuo. Ualimu nauheshimu sana, mama yangu mkubwa ameufanya maisha yake yote. Lakini shahada yangu si ya ualimu. Nikitaka kufundisha shule ya serikali, lazima kwanza nisome stashahada ya uzamili katika elimu.

Kilichonipeleka chuoni ni karatasi ya hospitali. Nilikuwa kidato cha nne bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, maelekezo yake yote yakiwa kwa Kiingereza. Nyumba nzima ikanigeukia mimi. Nikasoma kwamba dawa anywe pamoja na chakula, kumbe iliandikwa anywe tumbo likiwa tupu. Siku ya tatu jirani yetu muuguzi ndiye aliyegundua. Bibi hakudhurika, lakini ile siku sijaisahau.

Chuoni tunasoma sintaksia (muundo wa sentensi), semantiki (maana za maneno) na tafsiri. Kuna wiki nzima niliitumia kwa neno moja la mkataba, nijue kama linaamuru au linaruhusu tu. Mtu asiyeijua tofauti hiyo anaweza kutia saini na kupoteza shamba.

Kazi za ujuzi huu zipo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na sheria zilizoandikwa miaka mingi kwa Kiingereza zinahitaji watu wa kuzitafsiri. Arusha kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na huko wakalimani wanahitajika. Kuna uhariri, habari, utalii. Hapa kwetu tuna bandari, na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Hati za meli na za mizigo nyingi ni za Kiingereza, na wanaoishi kando ya bandari na bomba hilo wanazungumza Kiswahili.

Tena jambo hili si geni Tanga. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alikuwa mtumishi wa serikali, akafanya kazi forodhani, na ndiye aliyetuletea kwa Kiswahili mashairi ya Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, akiyatoa katika Kiingereza.

Ninachokuomba ni kimoja. Ziagize ofisi zilizo chini yako, kuanzia hospitali za serikali, zitupokee wanafunzi wa lugha wakati wa fildi, tutafsiri fomu na matangazo yanayomfikia mwananchi. Asiachiwe mwanafunzi peke yake: daktari au mwanasheria apitie kila karatasi kabla haijatoka. Hatuombi mshahara. Nauli ya daladala ikipatikana tutashukuru, maana wenzetu wengine wanatoka Muheza na Pangani.

Fildi yetu ijayo inaanza Julai. Barua ya chuo ninayo tayari, na karatasi ya bibi nimeihifadhi. Naomba nianze na ile.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa Kiingereza, Makorora, Tanga