Mama Neema, kabla hamjahama Dallas

Mama Neema wangu, hamjambo huko? Sisi wazima, baridi tu ndo inatutesa. Voisi yako nimeisikiliza nikiwa breki, nikaona nikuandikie kabisa maana haya siyo ya kuongea haraka haraka.

Kazi hapa Rantoul, Illinois, kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe ipo, hujadanganywa. Kinachoninyima raha ni pale uliposema baba Neema anataka kuingia laini ya visu, kule wanakokata nyama. Na mkono ule? Ule uliovunjika Kasulu?

Ngoja nikwambie kulivyo. Hapa ni kijiji kweli, sensa ya 2020 ilikuta watu 12,371, wakati kambi ya wakimbizi Nyarugusu tulikuwa zaidi ya laki moja! Ukitoka nje kidogo ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Zamani maisha yote yalikuwa kambi ya jeshi la anga, Chanute, toka 1917, wakaifunga 1993 na watu wakatawanyika, mwaka 1990 walikuwa 17,212. Mahangari bado yapo, na nyumba walizokaa wanajeshi sasa wanapangisha watu. Kuna wazungu wa siku nyingi, weusi wa hapahapa, Wamexico, Waguatemala, na Wakongo ambao wengi wao ni wa Kinshasa, walikuja na lotari ya viza, hao ni Kilingala na Kifaransa, sisi wa Kiswahili tunahesabika. Mwezi wa saba wanaongezeka watu wa msimu kutoka Texas, wanakuja kung'oa mbelewele za mahindi ya mbegu.

Sasa kazi yenyewe. Nguruwe anapita mbele yako ananing'inia, wewe una mkato wako mmoja, uleule, kutwa nzima, na laini haikusubiri. Ndani kama friji, unavaa glavu ya pamba, juu yake ya chuma, na bado vidole vinakufa ganzi. Kisu kikiwa butu ndo mkono unaumia zaidi kwa hiyo unakinoa kila mara. Mimi asubuhi vidole havikunji mpaka niviloweke kwenye maji ya moto, na mimi sijawahi kuvunjika popote. Mama Zawadi naye siku hizi hawezi hata kusonga ugali, anasonga mumewe.

Ndo maana nakusihi, aombe kupaki maboksi, hata kama hela inapungua kidogo. Na kabla hajasaini awaonyeshe karatasi za daktari, asifiche ule mkono kwa kuogopa kunyimwa kazi, nakuomba sana.

Halafu gari, bila gari hapa umekwama, Champaign ni kama maili 15 na vitu vingi viko huko. Mkipangwa shifti mbili tofauti watoto hamtawaacha peke yao, lakini wewe na mumeo mtakuwa mnapishana mlangoni tu, sisi tumeishi hivyo na inachosha, ingawa nyumba zenyewe ni nafuu kuliko huko kwenu na watoto wanacheza nje bila wasiwasi.

Mkataba wenu wa nyumba unaisha lini? Karatasi za ule mkono mnazo au zilibaki kambini? Leseni anayo baba Neema peke yake au na wewe ulishapata? Neema yuko darasa la ngapi sasa? Na mama Esta mnakuja naye au anabaki kwa Jean? Nijibu kabla ya Jumapili, kuna mtu kanisani anahama na nyumba yake ina vyumba vitatu, nataka nimwambie aiweke kwanza.

Mama Baraka