Kabla Hujamfukuza Kontrakta

Langoni, Lamu

Ndugu yangu Athmani,

Assalamu alaikum. Natumai nyote hapo Mombasa mu wazima. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho. Kontrakta ameiacha nyumba yako ya huku Lamu kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha; katika shilingi 800,000 za ufundi ameshachukua 480,000, na sasa ataka 150,000 nyingine ndipo arudi. Nakuomba sana, usimlipe, wala usimfukuze, mpaka kazi ipimwe. Fundi mpya akishajenga juu ya kazi ya yule wa kwanza, hakuna mzee wala hakimu atakayeweza kujua nani alifanya nini.

Mwandikie leo, hata kwa WhatsApp, umtajie siku na saa ya kupimana kiwanjani. Awepo yeye, uwepo wewe au mtu wako, na mtafute mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupima kazi na gharama zake, au fundi mzoefu asiye na upande. Akikataa kuja, pimeni vivyo hivyo. Ile barua ya kumwita itakusaidia mbele. Andikeni urefu na kimo cha kila ukuta, lenta imefika wapi, mifuko mingapi ya simiti imebaki stoo na vyuma vingapi. Pigeni picha tepu ikiwa juu ya kazi yenyewe, kisha wote mtie sahihi.

Sasa hesabu. Mkataba wenu wasema msingi ni asilimia 20 ya ufundi, na kuta mpaka lenta asilimia 25. Hiyo ni 360,000. Hata tukimhesabia lenta nzima, ambayo upande wa baraza hajaigusa, pesa zimeitangulia kazi kwa 120,000. Ugomvi wote umeanzia hapo. Kontrakta aliyelipwa mbele hana cha kumrudisha kwako, na pesa hizo mara nyingi zimeshaingia kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kuhusu simiti, lenta yako ina mita 60, upana sentimita 20 na kimo sentimita 20. Hizo ni mita za ujazo 2.4. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo hula mifuko sita na nusu hivi ya kilo 50. Basi ni mifuko 16, na ya kupotea mweke 17. Yeye ameandika 40. Mwambie akuonyeshe hiyo 23 ilikoingia.

Lakini usikimbilie kumwita mwizi. Simiti yetu huvuka bahari, hushushwa gatini, tena hupakiwa punda, na mfuko ukilowa njiani huganda. Finya pembe za mifuko iliyobaki. Mabonge yasiyopondeka kwa vidole ni simiti iliyokufa, isitiwe kwenye zege hata kidogo. Mkataba wenu haukusema hasara hiyo ni ya nani, wala kama bei ni ya dukani au ya mfuko uliofika kiwanjani. Gharama ya jahazi na punda mlipe kwa risiti alizonazo, kwa sababu hiyo ni haki yake. Ile isiyokuwa na risiti, msilipe.

Mkiwa hapo, tazameni zege lenyewe. Ukiona chuma nje, au vitundu ambamo kokoto zimekaa bila uji wa simiti, basi hazikuwekwa biskuti za kuinua chuma au zege halikushindiliwa. Huku kwetu hewa ya chumvi huila nondo upesi, na kutu ikishavimba hupasua zege kutoka ndani. Muulize pia mchanga ulitoka wapi. Wa ufuoni usiooshwa haukubaliki. Ukatae kabisa penye chuma. Sehemu mbovu ikatwe kwenye hesabu kwa gharama ya kuivunja na kuimwaga upya.

Akikubali kurudi, andikeni nyongeza ya mkataba: amalize lenta bila kupewa kitu, kisha kila hatua ilipwe baada ya kupimwa, na asilimia 10 ibaki mkononi mwako miezi sita baada ya kukabidhi, masika yapite juu ya paa. Vibarua wanaomdai waorodheshwe na waweke sahihi wakilipwa, maana wasipolipwa watakuja mlangoni kwako.

Akikataa, mpe notisi ya siku 14 yenye hesabu yote. Wazee wa mtaa wasikilize kwanza, mkikubaliana iandikwe. Kwa Kadhi utapata nasaha nzuri, lakini mamlaka yake ni ndoa, talaka na mirathi, si mkataba wa ujenzi. Polisi nao, deni si jinai. Dai lisilozidi 1,000,000 lipeleke Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa na sheria ya 2016; unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Na kama alijitia kontrakta bila kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, peleka malalamiko huko pia.

Nitumie nakala ya mkataba na risiti zote kabla ya siku ya kupimana, nizipange kwa tarehe.

Wasalaam,
Nduguyo Bakari