Andikeni kama barabara ya Sake imefunguliwa

Bw Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nilipohamia Nairobi na sijawahi kuwaandikia. Mengi nimeyasoma, nikalikunja gazeti, nikarudi kwenye cherehani. Ripoti yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu mazungumzo ya amani ya mashariki mwa Kongo imenishinda kunyamazia. Mlitueleza nani alikaa meza ya mbele, nani alimpa nani mkono na tamko lilisomwa saa ngapi. Katikati mkachomeka sentensi moja kwamba hivi ni vita vya Watutsi dhidi ya makabila ya wenyeji. Mwisho kabisa, nyingine kwamba raia pia wameathirika. Basi. Mimi ni mmoja wa hao raia. Nilizaliwa Sake, mji mdogo ulio magharibi ya Goma, penye njia panda ya kwenda Masisi na ya kwenda Minova.

Tarehe 12 Desemba 2013, Kenya ikisherehekea miaka 50 ya uhuru, serikali ya Kongo na waasi wa M23 walitia saini matamko yao papa hapa Nairobi. Nilikuwa bado mgeni, nimekimbia baada ya M23 kuiteka Goma Novemba 2012, na Wakongomani wa Kayole tulikumbatiana njiani tukilia. Aprili 2022 tukaambiwa mchakato mwingine umeanza, tena Nairobi. Juni mwaka huohuo Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, ikaanguka mikononi mwa M23. Novemba kikaja kikosi cha Afrika Mashariki chini ya jenerali wa Kenya. Desemba 2023 kikafunga virago, na mwezi huohuo mwanasiasa wa Kongo Corneille Nangaa akauzindua muungano wake na M23 ndani ya hoteli ya jiji hili hili. Januari 2025 Goma ikatekwa mara ya pili, Februari ikafuata Bukavu. Kisha mkataba wa Kongo na Rwanda kule Washington tarehe 27 Juni, tamko la Kongo na M23 kule Doha tarehe 19 Julai, na Washington tena tarehe 4 Desemba, safari hii Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda wenyewe mbele ya Rais Trump. Hata wiki haikuisha, M23 wakaingia mji wa Uvira, ingawa baadaye walitangaza kwamba wanaondoka. Kila mara mlituletea picha ya mikono iliyoshikana. Ni lini mlirudi baada ya mwezi mmoja kuuliza kilichotendeka?

Mngeuliza, mngesikia haya. Mama yangu mdogo alikuwa kambi ya Bulengo, kwenye hema la turubai juu ya mawe ya volkano, amekimbia mabomu ya Sake. Februari 2025 M23 walitoa saa 72 watu wazihame kambi za Goma. Wazee, wajawazito, watoto wenye kipindupindu, wote wakaambiwa warudi makwao, kana kwamba makwao paliwasubiri. Alikuta nyumba imeng'olewa mabati na milango. Shamba lake la maharage lililimwa na watu asiowajua, naye haendi kuwauliza kwa sababu wana ndugu wenye bunduki. Na msije mkadhani nalalamikia upande mmoja. Novemba 2012 wanajeshi wa serikali yetu waliokimbia Goma ndio waliowabaka wanawake zaidi ya mia moja kule Minova, na nawajua baadhi ya wanawake hao. Agosti 2025 Umoja wa Mataifa ulisema raia wasiopungua 319 waliuawa Rutshuru, kaskazini mwa Goma, mwezi Julai, wiki chache baada ya wino wa Washington, na M23 wakisaidiwa na wanajeshi wa Rwanda, wengi wao wakulima waliokuwa mashambani. Hao 319 niliwatafuta katika ripoti yenu ndefu sikuwaona.

Sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili hiyohiyo tulikuwa na mkutano wa mchango baada ya ibada hapa Kayole. Familia moja ya Wahunde, kabila la wenyeji wa Masisi, imempoteza kijana wao njia ya Masisi, kwenye kizuizi cha watu wenye silaha, na tulikuwa tunachangia matanga. Mimi ndiye niliyeshika daftari. Akaja binti mmoja msusi wa nywele, mtulivu, mwenye bahasha yake mkononi. Binti huyo ni Mtutsi wa Masisi, na watu wote pale wanamjua tangu alipofika. Baba yake aliuawa kijijini kwao na vijana wenye mapanga waliomwambia arudi Rwanda, nchi ambayo hakuwahi kuishi hata siku moja. Kabla hajanifikia, mzee mmoja akasimama na gazeti lenu, akasoma kwa sauti ile sentensi yenu ya Watutsi dhidi ya wenyeji, akauliza, "Huyu anachangia nini hapa? Ndugu zake ndio waliomuua mtoto wetu." Ukumbi ukanyamaza, kisha wakaanza kunung'unika, na minong'ono ile haikuwa ya kumkemea mzee. Binti akanitazama akasema, "Mama, miye pia niko mutu wa Goma." Nilisimama nikasema jina lake linaandikwa, na nikaliandika, na mama wa marehemu mwenyewe akasema liandikwe. Lakini binti alikuwa ameshafika mlangoni. Wiki hii kiti chake pale saluni kinakaliwa na mwingine; naambiwa amehamia Kitengela. Bw Mhariri, mzee yule si mtu mbaya. Amezika watoto. Alikuwa na hasira isiyo na pa kwenda, na ninyi mkampa anwani, chapa kubwa, na heshima ya gazeti linalosomwa nchi nzima. Je, aliyeiandika sentensi ile amewahi kukaa na Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa milima ya Kivu Kusini, aliyekimbia Minembwe, au na jamaa wa wale zaidi ya 150 waliouawa na kuchomwa katika kambi ya Gatumba, Burundi, Agosti 2004? Anajua kwamba wengi wa wale wakulima wa Rutshuru walikuwa Wahutu wanaosema Kinyarwanda kilekile? Mambo haya hayaingii katika sentensi moja, na kama nafasi ni ya sentensi moja tu, afadhali msiiandike kabisa.

Huyo binti alianza kufukuzwa kabla hajazaliwa. Familia za kwao zililetwa Masisi kutoka Rwanda na Wabelgiji kuanzia mwaka 1937 kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Wengine wanaosema Kinyarwanda walikuwa tayari Rutshuru na milima ya juu ya Uvira kabla mipaka haijachorwa. Mwaka 1972 Mobutu aliwapa uraia wale waliokuwapo kabla ya 1950. Mwaka 1981 ukaondolewa kwa sheria nyingine iliyodai ushahidi wa mababu wa mwaka 1885. Mtu analala raia, anaamka mgeni, na ardhi aliyolima inakuwa ya kugombaniwa. Ndipo mwaka 1993 Masisi ikawaka moto, na mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi zaidi ya milioni moja wakavuka mpaka, raia wa kawaida na waliofanya mauaji wakiwa barabara moja, wengine na silaha zao. Wanasiasa wetu wanaijua historia hii vizuri na wanaichochea kila karibu na uchaguzi. Kigali nayo inaitumia kama kisingizio. Na Rubaya, mji wa machimbo, iko pale pale Masisi, na koltani yake, madini yanayotumika kwenye simu: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23 baada ya kuiteka mwaka 2024 walikusanya takriban dola 800,000 kila mwezi. Mama yangu mdogo hajawahi kuishika koltani, ila kila mwenye kizuizi barabarani anamtoza.

Na nikiwa bado nasema, kuna jambo la hapa Nairobi. Goma ilipotekwa benki zilifunga, uwanja wa ndege ukafungwa, na sisi tulio huku ndio tuliogeuka benki. Natuma pesa kwa simu, wakala wa kule anakata chake kwa sababu noti hazipatikani, anayekwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, kutafuta noti naye anakata chake, na mgonjwa anapata kilichobaki. Lakini hata kutuma kunategemea laini isajiliwe, na laini inataka kitambulisho, na kitambulisho cha mkimbizi kikiisha muda unaambiwa ofisini urudi mwezi ujao, na mwezi ujao unaambiwa mtambo haufanyi kazi. Mwenye nyumba hasubiri mtambo. Askari wa usiku hasubiri mtambo. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitupa ruhusa ya kufanya kazi, na tunataka kulipa kodi, tunataka leseni zetu za biashara, ila kwenye dirisha lile sheria hiyo haijulikani. Waandishi wenu wanaweza kufika pale kwa matatu moja tu. Hawahitaji viza wala helikopta ya Umoja wa Mataifa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, msahihishe ile sentensi, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, kabla ya Jumapili ijayo, kwa maana tutakutana tena ukumbini kumaliza mchango na mzee yule atakuja na gazeti.

La pili, kila mara mnapochapisha habari ya mazungumzo ya Kongo, yawe Nairobi, Doha au Washington, wekeni pembeni kisanduku kidogo chenye maswali haya tu na majibu yake ya wiki hiyo: Uwanja wa ndege wa Goma umefunguliwa? Benki zinatoa pesa? Barabara ya Sake hadi Masisi ina vizuizi vingapi na kila kimoja kinatoza kiasi gani? Waliotolewa kambini wamelala wapi? Shule ya msingi ya Minembwe imefundisha? Soko la Rutshuru limekaa? Msiandike ndiyo kwa sababu waziri amesema ndiyo. Mwandikeni aliyepita barabarani. Mama yangu mdogo yuko tayari kupokea simu kila Alhamisi jioni baada ya kutoka mtoni, ndipo mtandao unapokamata, na namba yake nitampa mwandishi wenu ana kwa ana. Nafasi ikikosekana Jumapili, wekeni Jumatatu, mpunguze ile picha ya mawaziri wakishikana mikono.

Mama Furaha,
Fundi wa nguo, Kayole, Nairobi