Tusisubiri chumba cha kompyuta ndipo tufundishe sayansi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kufundisha Hisabati na sayansi kwa zana za mtandaoni ni anasa ya shule za mijini, na kwamba shule za kata zisubiri kwanza chumba cha kompyuta na intaneti ya uhakika. Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika shule ya kata. Chumba cha kompyuta hatuna. Intaneti yetu ni bando ninalonunua mwenyewe. Hata hivyo zana hizo ninazitumia, na bado sijaona tunachokisubiri.

Pengine tatizo ni kwamba wengi wakisikia habari za kujifunza mtandaoni hudhani ni kukaa na kutazama video. Video zina kazi yake, lakini ninazozungumzia hapa ni zana ambazo mwanafunzi anabadilisha kitu na kuona papo hapo kinachotokea. Mfano ni PhET, iliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mwanafizikia aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Humo kuna majaribio ya kwenye skrini zaidi ya 100: umeme, gesi, atomu, mwendo, sehemu, grafu. Mfano mwingine ni GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo ya Hisabati, ambayo Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu kule Salzburg, Austria. Zote mbili mwalimu hazimgharimu hata senti.

Na hapa ndipo hoja ya intaneti inapoanguka. Kila jaribio la PhET linapakuliwa kama faili moja, mara nyingi lenye megabaiti chache tu, na ukishalipakua linafunguka kwenye kompyuta bila mtandao wowote. GeoGebra nayo unaisakinisha mara moja. Mimi hupakua nikienda mjini kufuatilia mambo yangu ya benki, mahali ambapo mtandao haukatikikatiki, halafu muhula mzima sihitaji bando kwa ajili ya kipindi. Faili zote za Fizikia ninazotumia kidato cha kwanza hadi cha nne zinaenea kwenye flashi moja na nafasi inabaki.

Niruhusu nieleze kipindi kimoja, maana mjadala huu umekuwa wa maneno matupu mno. Mada ilikuwa umeme, kidato cha pili. Nilichora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofuatana, kisha nikauliza: ipi itawaka zaidi? Mikono ikapaa. Wengi walisema ya kwanza. "Mwalimu, ile ya kwanza inapata umeme kabla haujapungua," akaeleza mmoja, na darasa zima likaona ameongea la maana. Sikumsahihisha. Niliandika idadi ya kura ubaoni, ndipo nikafungua kompyuta na kuunga sakiti ile ile mbele yao. Kwenye skrini elektroni huonekana kama vigololi vya bluu vikitembea ndani ya waya. Vilipita balbu ya kwanza kwa mwendo ule ule, vikaingia ya pili kwa mwendo ule ule, vikarudi kwenye betri bila kupungua hata kimoja. Balbu zote mbili ziliwaka sawasawa.

Hawakuridhika, na hapo ndipo utamu wa zana hizi ulipo. Msichana mmoja wa viti vya nyuma alisema, "Geuza betri, mwalimu, tuone." Nikageuza. Vigololi vikarudi kinyumenyume, balbu zikabaki vile vile. Mwingine akataka tuunge waya moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, bila balbu. Betri ikawaka moto pale pale kwenye skrini, darasa likalipuka kwa kicheko. Shoti waliielewa siku hiyo. Kwa betri halisi nisingethubutu kuwaachia, na kwa chaki ningechora mishale mpaka kengele ilie bila kumwondolea yule kijana wa mwanzo imani kwamba umeme unaliwa na balbu njiani.

Anayedhani huu ni mchezo wa watoto aangalie utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na watu wa chuo hicho hicho cha Colorado. Wanafunzi waliojifunza sakiti kwa jaribio la skrini waliwashinda waliotumia vifaa halisi katika maswali ya kuelewa, na tena katika kuunga sakiti za kweli kwa waya na balbu za kushika mkononi. Najua, waliojipima ni wenye zana, na wanafunzi wao walikuwa wa chuo kikuu. Ila ninachokiona darasani kinaelekea huko huko.

Sasa nimpe msomaji huyo haki yake. Anaogopa kwamba watoto wataacha kushika vifaa, na hofu hiyo ina msingi. PhET wana jaribio la pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi, zuri sana, lakini mwalimu anayeanza nalo ilhali nje ya dirisha kuna mawe na dukani kuna uzi anafanya uvivu. Mtihani wa vitendo wa Baraza la Mitihani unataka mtoto aliyewahi kuhesabu mizunguko huku kidole kikichelewa kwenye saa, aliyeona vipimo viwili vya kitu kile kile vikikataa kulingana. Kwenye skrini upepo hauvumi. Kwa hiyo sisi huanza na jiwe: urefu wa mita moja, sekunde mbili hivi kwenda na kurudi, ongeza jiwe liwe zito mara mbili, sekunde ni zile zile (hili nalo hulibishia), punguza uzi uwe robo mita, muda unakuwa nusu. Baada ya hapo ndipo tunafungua kompyuta na kuipeleka pendulamu mwezini na kwenye sayari ya Mshtarii, kwa sababu huko hakuna basi la kutufikisha. Kigezo changu ni hicho tu. Kinachoshikika tukishike, elektroni, molekuli za gesi na kiini cha atomu tuviangalie kwenye skrini.

Hisabati ina shida yake. Ufaulu wa somo hili kidato cha nne umekuwa chini miaka nenda rudi, na sidai kwamba programu ya kompyuta itauponya. Lakini jaribu kuchora ubaoni grafu tano za kwadratiki kwa mkono, ukionyesha namna namba iliyo mbele ya x² inavyobadilisha umbo. Kipindi cha dakika 40 kimekwisha, na mikunjo yako imepinda kila mmoja kivyake. Kwenye GeoGebra unaburuta kitufe kimoja: mkunjo unabanana, unapanuka, ukifika sifuri unakuwa mstari ulionyooka, ukivuka kwenda hasi unapinduka. Muda uliookolewa ndio wa kumuuliza mtoto kwa nini pale kwenye sifuri umenyooka.

Kuhusu vifaa, serikali ilikwisha kuwapa walimu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022. Baadhi vinafanya kazi kila siku. Vingine, na hili nimelishuhudia, vinalala kabatini kwa kuogopewa kuharibika. Nakiri faili zilizopakuliwa husumbua kidogo kufunguka kwenye kishikwambi kuliko kwenye kompyuta mpakato, lakini mtandao ukiwepo vinafungua majaribio haya vizuri. Projekta yetu ni moja, nayo ina ratiba ya mahafali na vikao vya wazazi. Ikikosekana, au umeme ukikatika, nagawa darasa makundi: kundi moja kwenye kompyuta mpakato, mengine na swali la karatasi, wanapokezana. Inachosha, na kelele zinakuwepo. Lakini inawezekana hata kwa darasa la watoto 80.

Kinachokosekana kweli ni mtu wa kumwonyesha mwalimu, tena mwalimu mwenzake mwenye darasa kama lake. Tunao mpango wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaotukutanisha shuleni kwetu kujadili mada ngumu. Vikao hivyo vingine huishia kwenye kusoma waraka na kusaini mahudhurio. Kikao kimoja kwa muhula kitengwe kwa kazi hii, walimu wa sayansi waje na kompyuta na vishikwambi vyao, waondoke na faili na maswali ya kuuliza darasani.

Kwa Taasisi ya Elimu Tanzania nina ombi. Maktaba yake ya mtandao imetusaidia sana kwa vitabu. Iongeze orodha fupi inayosema mada hii ya muhtasari mpya inakwenda na jaribio hili, na faili zenyewe zifike kwenye vituo vya walimu zikiwa kwenye flashi. Baadhi ya majaribio ya PhET tayari yana toleo la Kiswahili, kazi ya watu waliojitolea. Hayo yaanzie shule za msingi, ambako Sayansi na Hisabati hufundishwa kwa lugha hiyo. Kidato cha kwanza nacho kinayahitaji, kwa watoto ambao Kiingereza kimewafika ghafla. Mimi hufungua la Kiswahili kwanza, la Kiingereza kesho yake.

Na kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu wiki ijayo: pakua faili la mada uliyonayo sasa hivi, andika swali ubaoni, na usiwashe kompyuta mpaka kila mtoto awe amepiga kura.

Mwalimu wa shule ya kata,
Morogoro