Nilimwambia dada yangu mkubwa "nyamaza" mbele za watu

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta, maana kila nikiisoma naona kama najitetea. Safari hii naituma ilivyo.

Mimi ni mpenzi wa muziki wa ala tupu, usio na mwimbaji. Bendi niipendayo kuliko zote ni Explosions in the Sky ya Austin, Texas, iliyoanza mwaka 1999. Ni wanaume wanne, magitaa na ngoma, basi. Niliwajua kupitia filamu moja ya mwaka 2004 kuhusu timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, ambayo wao ndio waliopiga sehemu kubwa ya muziki wake. Filamu niliisahau upesi, ila magitaa yale hayakunitoka. Baba alipofariki, huo ndio muziki pekee niliouweza. Nyimbo zenye maneno zote zilikuwa zinaniambia nijisikieje, huu uliniacha nilie ninavyotaka.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kuwaona jukwaani nilitaka awepo mtu wa damu yangu. Nikamwomba dada. Yeye ndiye wa kwanza kuzaliwa kwetu, mimi ni kitinda mimba, tumepishana miaka 12 na kwa kweli amenilea. Muziki wenyewe haujui, lakini alikubali palepale, akajipamba, akaja. Tukasimama mbele kabisa.

Mpiga gitaa mmoja alisalimia kwa maneno machache, wakaanza. Hawa, Shangazi, huunganisha kipande na kipande bila kusimama, hivyo hupati hata upenyo wa kumgeukia mwenzako ukamweleza jambo. Nusu saa ya kwanza nilikuwa na furaha ambayo sijui niifananishe na nini. Kisha wakashuka. Mpiga ngoma akatulia, yakabaki magitaa mawili yakijibizana uzi mmoja mmoja, chini sana, hadi nikawa nasikia pumzi za watu waliosimama nyuma yangu. Hapo ndipo dada alipoanza kuzungumza. Kwanza aliniuliza mwimbaji anatoka saa ngapi. Nikatikisa kichwa. Akaendelea na habari za kazini kwake, akacheka, akapokea simu. Dada ana sauti ya kupenya. Watu wakaanza kugeuka, mimi nikamshika mkono, naye akadhani namwitikia, akazidi.

Nikamwambia, "Nyamaza, dada."

Sikusema "naomba tusikilize kidogo", wala "tutaongea baadaye". Nilisema nyamaza, kwa sauti ambayo mtu humwambia mtoto, na waliotuzunguka wote walisikia. Alizima simu, akaikunja mikono yake, asitamke neno tena. Muda si mrefu magitaa yote yakapanda, ngoma zikaingia kwa nguvu, sakafu ikawa inatetemeka chini ya miguu. Ilikuwa ni ile sehemu niliyoingoja miaka yote hiyo, na sikuisikia. Nilichokuwa nasikia ni lile neno langu.

Tukiwa njiani kurudi aliniambia mambo mawili tu. La kwanza, "Hakuna aliyekuwa anaimba, sasa mimi nilikuwa namkatiza nani?" La pili, "Nilikuja kwa ajili yako." Huu ni mwezi wa pili sasa. Nikipiga simu anapokea, anajibu ndiyo na hapana, anasema ana kazi. Mama ameshasikia. Anasema niende nikapige magoti, kwa sababu magitaa ni magitaa na dada ni dada.

Kinachonizuia ni hili. Lile neno lilikuwa baya, nalijua, na halikumstahili. Lakini kuhusu muziki siamini kwamba nilikosea. Mwimbaji akiwepo, hata mkiongea, sauti yake imewekwa juu ya vyombo vyote. Ukikosa ubeti utakikuta kiitikio. Kwenye ala tupu, kale kasauti kadogo ndiko kanakobeba habari yote. Ule mlipuko wa mwisho unakuwa na maana kwa aliyekuwepo kule chini wakati ulipokuwa unatengenezwa. Asiyekuwepo husikia kelele tu. Na wale wengine waliosimama nasi nao walikuja kusikiliza, nao walikuwa na haki yao.

Halafu najiuliza mbona sikumwambia haya kabla. Nilimwambia tu kwamba ni bendi nzuri. Sikumwambia kuwa hakuna atakayeimba, sikumwambia kuwa kutakuwa na kimya cha dakika nzima nzima, na mimi ndiye niliyemvuta mbele badala ya kusimama pembeni. Tena dada yangu mapenzi yake yote yako mdomoni. Siku za msiba ni maneno yake yaliyonipa usingizi, alikuwa ananisimulia vitu vya kawaida kabisa hadi napitiwa. Sasa nafikiri pale mbele ya jukwaa alikuwa ananifanyia lilelile, labda aliona machozi yangu. Sikumuuliza.

Mwezi ujao kuna bendi nyingine ya ala tupu na nina tiketi mbili. Nilizinunua kabla ya haya yote, moja nikiwa nimemkusudia yeye. Nikimpa, naogopa ataona namrudisha darasani. Nikienda peke yangu atajua, na ataona nimeuchagua muziki nikamwacha yeye.

Shangazi, nitamwombaje radhi kwa neno lile bila kumdanganya kwamba mazungumzo hayakunikera? Na hiyo tiketi ya pili, nimpelekee siku hiyohiyo ya kuomba radhi, au niiache kabisa nisiitaje mpaka yeye mwenyewe aulize?

Ni mimi,
Mdogo mtu